Majina ya Kigaeli ya milima ya Uskoti: daftari la wapimaji, hifadhidata, ramani kongwe au sauti za wazee?

Kuna mlima Perthshire, katikati ya Uskoti, wenye kimo cha mita 1,083. Ramani za kawaida zinauita Schiehallion. Wazungumzaji wa Kigaeli, lugha ya jadi ya milima hiyo, wanaandika Sìdh Chailleann. Anayetaka kuuingiza kwenye makala ya Wikipedia ya Kiswahili, tasnifu, mwongozo wa wapanda milima au OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, hukwama hapohapo: aandike lipi, na akiulizwa limetoka wapi ajibu nini?

Vyanzo vya kukimbilia ni vinne, na vyote vinapatikana bila kulipa hata shilingi. Ugumu ni kwamba kila kimoja kilitengenezwa kwa kazi yake. Makosa mengi ninayoyaona katika orodha za majina haya yanatokana na kukiuliza chanzo swali ambalo hakikuundwa kulijibu. Kwa hiyo nitaanza na maswali, kisha nitavipitisha vyanzo vyote vinne katika maswali hayohayo.

Mambo matano ya kupima

*Tahajia.* Je, umbo unalopewa ndilo linalokubalika leo, au ni la zama zake? Kigaeli cha Uskoti kilipata kanuni rasmi za tahajia mwaka 1981, na zimerekebishwa baadaye. Kanuni hizo zilibakiza aina moja tu ya kistari juu ya irabu, kile kinachoteremka kuelekea kulia. Ndiyo maana *mór* ya ramani ya zamani ni *mòr* ya leo. Ukikutana na ya kwanza usidhani mchapaji alikosea; inakuonyesha tu kwamba maandishi ni ya kabla ya kanuni.

*Asili.* Hili huchanganywa sana na la kwanza. Jina linaweza kuandikwa Kigaeli safi na asili yake isiwe Kigaeli hata kidogo. Roineabhal, mlima wa kisiwa cha Harris, una herufi zote za Kigaeli, lakini hiyo *-bhal* ya mwisho ni *fjall*, mlima katika lugha ya Waviking, waliotawala visiwa vile kwa karne kadhaa. Vivyo hivyo mji unaoitwa Pitlochry kwa Kiingereza umebeba *Pit-*, mabaki ya enzi za Wapikti, watu waliokaa huko kabla ya Wagaeli, ilhali Wagaeli wenyewe husema Baile Chloichrigh. Anayeandika «jina la Kigaeli» lazima aseme anazungumzia umbo au chimbuko.

*Matamshi, hasa mkazo.* Majina ya Kigaeli yenye maneno mawili kwa kawaida huanza na aina ya umbile (mlima, bonde, mdomo wa mto), kisha hufuata neno la kulipambanua, na mkazo huangukia hilo la pili. Inverness, kwa Kigaeli Inbhir Nis, hukaziwa mwishoni kwa sababu Nis ndio mto wenyewe. Majina ya Waviking hukaziwa mwanzoni. Sisi tuliozoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho tutasema «inVERnes» bila kujishtukia, na kwa kufanya hivyo tutakuwa tumefuta ushahidi wa asili ya jina. Jina likirekodiwa bila alama ya mkazo, limerekodiwa nusu.

*Mahali.* Jina ni la kilele, la ubavu, la kijito au la malisho? Majina huhama. Càrn Gorm ni mlima mmoja, lakini kwa Kiingereza jina lake limetandazwa juu ya safu nzima, ambayo Wagaeli waliiita Am Monadh Ruadh, nyanda za milima myekundu.

*Masharti kwako.* Unahitaji lugha gani, muda kiasi gani, na subira ya aina gani.

Ramani za Ordnance Survey na madaftari yake

Katikati ya karne ya 19, wapimaji wa Ordnance Survey, idara ya ramani ya serikali ya Uingereza, wengi wao askari wa kikosi cha wahandisi, waliizunguka Uskoti wakichora ramani za inchi sita kwa maili. Kila jina liliingizwa kwenye daftari lenye safu: jina lilivyo kwenye ramani, namna mbalimbali za kuliandika, mashahidi wa kila namna, mahali, na maelezo. Madaftari yamehifadhiwa National Records of Scotland, na picha zake pamoja na nakala zilizochapwa ziliwekwa mtandaoni kupitia mradi wa ScotlandsPlaces. Ramani zenyewe ziko kwenye tovuti ya National Library of Scotland.

Msomaji wa Kenya au Tanzania aliyewahi kukunjua karatasi ya 1:50,000 anaujua utamaduni huu bila kujua kwamba anaujua. Karatasi nyingi za aina hiyo zilichorwa na idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa Uingereza mwaka 1946, idara ambayo mwaka 1984 ilikuja kuunganishwa na Ordnance Survey yenyewe.

Tahajia: ni mchanganyiko wenye mantiki yake. Majina makubwa yaliyokwisha kuzoeleka yaliachwa kwa sura ya Kiingereza, yakianza na Ben (mlima), Glen (bonde) au Loch (ziwa). Vijito, majabali na vilima vidogo viliandikwa Kigaeli kamili. Kigaeli hicho nacho mara nyingi kilinyooshwa kifuate lugha ya vitabuni, hivyo lahaja ya mahali imefunikwa. Kwa hiyo kwenye karatasi moja utapata makosa mawili yanayopingana, jina lililofanywa la Kiingereza kupita kiasi na jina lililofanywa sanifu kupita kiasi.

Asili: safu ya maelezo mara nyingi hutoa maana, «kilima chekundu» au «kijito cha ng'ombe». Ichukue kama ushahidi wa jinsi watu wa wakati ule walivyolielewa jina. Uchunguzi wa chimbuko ni kazi nyingine.

Matamshi: hakuna. Ila safu ya namna mbalimbali za kuandika hukupa fununu, kwa sababu aliyeandika Ben Vore badala ya Beinn Mhòr alikuwa anafuata sikio lake, na sikio lake lilisikia *v*.

Mahali: hapa daftari halina mpinzani. Kila jina limefungwa kwenye nukta ya ramani.

Ninayoithamini kuliko zote ni safu ya mashahidi. Inakuonyesha nani alisikilizwa: kabaila mwenye ardhi, msimamizi wake, kasisi, mwalimu wa shule. Wachungaji na wakulima wadogo wamo pia, lakini uzito wa neno lao haukulingana na wa mwenye mali, hata pale ambapo wao ndio waliokanyaga ule mlima kila siku. Daftari halikufichi hilo, nami kwa sababu hiyo hulisamehe mengi.

Linamfaa anayechora ramani, anayeandika historia ya eneo moja, na yeyote anayehitaji majina ya maumbile madogo. Masharti yake ni kusoma mwandiko wa kalamu wa Kiingereza cha karne ya 19, jambo ambalo siku ya kwanza huumiza macho.

Hifadhidata ya Ainmean-Àite na h-Alba

Mwaka 2000 iliundwa kamati ya kuratibu majina ya Kigaeli, Ordnance Survey ikiwemo. Mwaka 2006 ikawa Ainmean-Àite na h-Alba, yaani Majina ya Mahali ya Uskoti, yenye makao Sabhal Mòr Ostaig, chuo cha Kigaeli kwenye kisiwa cha Skye. Kazi yake ni kuamua umbo la Kigaeli litakalotumika kwenye vibao, ramani na nyaraka, baada ya kulinganisha maandishi ya zamani na matamshi ya wenyeji.

Tahajia: ukitaka jibu moja la leo, ni hapa. Vistari viko mahali pake, herufi *h* ya kulainisha iko mahali pake, na hutabishana na mhariri.

Asili: hutolewa kwa ufupi, mara nyingi tafsiri ya maneno machache. Kwa wengi inatosha. Lakini tafsiri fupi huleta utani wake. Karibu na mlima Ben Nevis kuna Aonach Mòr na Aonach Beag, mkubwa na mdogo. Mkubwa una mita 1,221, mdogo 1,234. Waliotoa majina walitazama unene wa mlima ukiwa mbele yao. Kimo kilikuja kupimwa baadaye na watu wengine. Orodha inayotafsiri «mkubwa» bila neno la ziada itamfanya msomaji adhani vipimo vimekosewa.

Matamshi: baadhi ya maingizo yana sauti ya kusikiliza. Hapo Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza. *Ch* ya *loch* ni *kh* ya kheri kwa mtu wa pwani, na *dh* au *gh* mbele ya a, o au u inakaribia sana *gh* ya ghali. Jifunze zaidi kwamba *bh* na *mh* husomwa *v*, na tayari umewapita watalii wengi.

Mahali: kwa miji, vijiji, mito na milima mikubwa, vizuri. Kwa kijito kisicho na daraja, usitegemee sana.

Udhaifu wake umo ndani ya kazi yake. Kinachosanifisha lazima kiache kitu nje, na kilichoachwa ni lahaja. Silaumu, kibao cha barabarani hakiwezi kubeba matamshi matatu. Ila mtafiti asilichukue umbo sanifu na kuliandika kana kwamba ndivyo lilivyosikika kijijini mwaka 1800.

Inamfaa mhariri, mfasiri, mwandishi wa ensaiklopidia, na mtu mwenye dakika tano tu.

Ramani na hati kongwe

Timothy Pont alimaliza masomo St Andrews mwaka 1583, kisha akaizunguka nchi akichora ramani za mkono. Kazi yake, baada ya kupitia mikono ya wengine, ndiyo iliyokuwa msingi wa atlasi ya Uskoti ya Joan Blaeu iliyochapwa Amsterdam mwaka 1654. Karibu miaka mia baadaye, jeshi la serikali lilipokwisha kuwashinda waasi pale Culloden mwaka 1746, William Roy aliongoza upimaji wa kijeshi wa 1747 hadi 1755. Zote tatu unaziona kwenye tovuti ya National Library of Scotland. Ongeza hapo hati za ardhi na maandiko ya watawa, ambayo hurudi nyuma zaidi ya ramani yoyote.

Tahajia: usiitafute. Pont aliandika kwa mazoea ya Kiskoti, wachongaji wa Amsterdam walinakili majina ya nchi wasiyoijua, na wengi wa wapimaji wa Roy hawakuwa na Kigaeli. Herufi *n* na *u* hubadilishana kama watoto wa nyumba jirani.

Asili: hapa ndipo chanzo hiki kinapolipa. Chukua tena Sìdh Chailleann. *Sìdh* ni kilima cha viumbe wa ajabu, wale ambao pwani tungewaita majini. Lakini *Chailleann*? Ukibaki na umbo la leo utabahatisha. Ukirudi nyuma unakuta Dùn Chailleann, yaani Dunkeld, mji wa Perthshire hiyohiyo, umetajwa katika kumbukumbu za mwaka za Waeire tangu karne ya 9. Nyuma yake zaidi, waandishi wa Kirumi na Kigiriki wanataja taifa la Wakaledonia. Majina mawili ya leo, mji na mlima, yamebeba kabila ambalo halipo tena kwa karne nyingi. Hakuna hifadhidata ingeyajua hayo kama mtu hangepekua maandishi ya kale na kuyapanga kwa tarehe.

Matamshi: ajabu, yamo. Mtu asiyejua tahajia ya Kigaeli huandika alichosikia, na kwa kutojua kwake anatuachia sauti ambayo mjuzi angeisahihisha. Umbo la ovyo la mwaka 1750 laweza kukusaidia kuliko umbo safi la 1870.

Mahali: hafifu. Milima ya Pont ni michoro ya ubavuni bila gridi, na inabidi ukisie kwa kufuata mito. Lakini kuna jambo ambalo ramani hizi pekee zinalo. Zilichorwa kabla wakulima hawajafukuzwa mabondeni kupisha kondoo. Strathnaver, kaskazini kabisa, iliondolewa watu kwa wimbi kubwa mwaka 1814 na tena 1819. Majina ya vijiji vilivyokufa namna hiyo mengine utayakuta huku tu.

Tahadhari moja: si kila jina la Kigaeli ni kongwe. Sgùrr Alasdair, kilele kirefu kuliko vyote Skye, mita 992, kimepewa jina la Alexander Nicolson, mwanasheria mwenyeji wa kisiwa aliyekipanda mwaka 1873. Kabla yake wenyeji walikiita Sgùrr Biorach, kilele chenye ncha. Anayelipekua jina Alasdair kwa Pont atapoteza jioni yake bure.

Chanzo hiki kinamfaa mwanafunzi wa isimu, mwanahistoria, na mtu mwenye subira. Kilatini kidogo kitakusaidia kwenye hati.

Sauti: kanda za zamani na wazee walio hai

Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha mwaka 1951 taasisi ya kukusanya simulizi na nyimbo za Uskoti. Watafiti wake walibeba vinasa sauti hadi kwa wavuvi, wachungaji na wakulima wadogo, na majina ya mahali yalikuwa sehemu ya mavuno. Nyingi za kanda hizo, pamoja na za BBC na za John Lorne Campbell wa kisiwa cha Canna, zinasikilizwa kwenye tovuti ya Tobar an Dualchais.

Tahajia: hakuna, ila ile anayoiweka mwandishi wa muhtasari.

Asili: ndipo utamu ulipo, na ndipo mtego ulipo. Mzee atakupa kisa: nani alizama katika ziwa hili, ng'ombe gani aliangukia korongo lile. Kisa hicho ni mali, kiandike chote. Lakini kisa na chimbuko ni vitu viwili. Mara nyingi jina lilikuwepo kwanza, halafu watu wakalitungia kisa. Weka kila kimoja kwenye safu yake.

Sauti pia huokoa yale ambayo karatasi iliyaonea haya. Katika milima ya Cairngorm kuna kilele ambacho ramani za Kiingereza zimekiita The Devil's Point, ncha ya shetani. Kwa Kigaeli ni Bod an Deamhain, na *bod* ni uume. Inasimuliwa kwamba John Brown, mtumishi wa Malkia Victoria, aliulizwa na malkia maana ya jina akaipaka adabu papo hapo. Kisa hicho sikitolei hati. Jina la Kigaeli, kwa upande wake, halina utata wowote, na anayetaka kujua ramani ngapi nyingine zilikuwa na haya kama hizo aanzie kwenye midomo ya watu.

Matamshi: hakuna chanzo kingine kinachokaribia. Unasikia mkazo, urefu wa irabu, na lahaja.

Mahali: mzee akiwa mbele ya dirisha, au bora zaidi, mbele ya mlima, hata daftari la wapimaji halimfikii. Akiwa kwenye kanda ya 1955 anasema «kule juu ya nyumba ya fulani», na nyumba hiyo imebaki mawe.

Masharti ni mazito. Inabidi ujue Kigaeli au uwe na anayekijua, uombe ruhusa ya kurekodi, na uende mapema. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao 130,000 wenye ujuzi wa namna fulani wa Kigaeli, wanaoelewa tu wakiwemo, na wazungumzaji wa kila siku wamejikusanya zaidi visiwa vya magharibi. Perthshire, ulipo mlima niliouanza nao, wazungumzaji wa asili wa lahaja yake hawapo tena. Kanda tu zimebaki.

Njia hii inamfaa mtafiti wa nyanjani, mwanamuziki, mwalimu, na jumuiya inayotaka kuyarudisha majina yake vinywani.

Kwa hali yako

Unaandika makala ya Kiswahili na unahitaji jina moja lisilo na ubishi: chukua umbo la Ainmean-Àite na h-Alba, weka na umbo la Kiingereza mara ya kwanza, basi. Usilitohoe kwa Kiswahili. Sìdh Chailleann ibaki Sìdh Chailleann, na msomaji umsaidie kwa kumwandikia linavyotamkwa.

Unaingiza majina OpenStreetMap: tumia ramani za zamani za inchi sita ambazo hakimiliki yake imekwisha, na uweke umbo la Kigaeli kwenye uga wake, `name:gd`. Kabla ya kunakili kutoka hifadhidata yoyote ya leo soma leseni yake.

Unaandika tasnifu kuhusu chimbuko: anza na hati kongwe, panga maumbo yote kwa tarehe bila kulisahihisha hata moja, kisha sikiliza kanda ili upate mkazo. Madaftari yaje ya tatu. Hifadhidata iwe ya mwisho, kama kauli ya leo. Chimbuko likikataa kueleweka, andika «asili haijulikani». Jina la Ben Nevis lenyewe bado linabishaniwa.

Unaishi Glasgow au Edinburgh, unapanda milima mwishoni mwa wiki na unataka tu kutamka majina bila aibu: sikiliza sauti za hifadhidata nyumbani, na ukipanda uwe na ramani mfukoni. Hati kongwe ziache kwa siku za mvua, ambazo huko hazikosekani.

Umepata mzee wa visiwa vya Lewis au Uist aliye tayari kuongea: acha vingine vyote. Chapa ramani ya inchi sita ya eneo lake kwa karatasi kubwa, iweke mezani, washa kinasa sauti, na kila anapotaja jina aweke kidole mahali pake. Andika tarehe, andika anavyotamka hata kama unadhani amekosea, na umbo la daftari uliweke safu ya pembeni. Vikitofautiana usimsahihishe mzee wala ramani.

Na kama bonde unalolitafiti liliondolewa watu na hakuna wa kumuuliza, basi ni Roy, Pont na daftari, kwa mpangilio wa kurudi nyuma: anza na daftari la karne ya 19 ambalo mahali pake panajulikana, kisha kila jina ulitafute kwa Roy, kisha kwa Pont. Majina yatakayokuwepo kwa Pont na kukosekana kwenye daftari yape orodha yake peke yake.